Mtu wa maji baridi nimekwama Tanga: mabwawa ya huku yanaendewaje?

FundiSpoku:

Wakuu habari za usiku.

Mimi ni fundi baiskeli, kibanda changu kipo Ngamiani, na huu ni mwaka wa sita naishi Tanga. Nimezaliwa Ukerewe. Asiyeijua, ni kisiwa ndani ya Ziwa Victoria, mahali ambapo mtoto anajua kupiga kafi kabla hajajua kufunga kamba za viatu, maana viatu vyenyewe vinachelewa kuja.

Shida yangu ni kwamba maji ya hapa yana chumvi. Bahari sina ugomvi nayo, Raskazone nimekwenda mpaka wauza mihogo wananijua. Lakini bahari ina ratiba yake na haikuulizi. Jumamosi moja unafika imejaa, Jumamosi nyingine imekupwa, unakaa na watoto mnatazama matope na ngalawa zimelala ubavu. Ziwa ukiliacha jana, leo utalikuta pale pale. Nikimweleza mtu wa Tanga habari hii ananitazama kama nimekosa shukrani.

Sasa mwezi wa saba nilipata mtumbwi wa mpira, ule wa kupuliza, kwenye mitumba. Ulikuwa na matundu mawili. Mimi kazi yangu ni kuziba pancha, kwa hiyo muuzaji alipocheka ananiuzia kitu kibovu, mimi nilicheka zaidi. Nikauingiza kwenye beseni kipande kwa kipande nikitafuta mapovu, nikakwangua, nikapaka solusheni, kiraka, ukakaa usiku kucha na tofali juu. Ukashika hewa siku tatu.

Jumamosi nikaufunga kwenye keria, nikamchukua mtoto wa dada yangu (ana miaka 11, anaishi kwangu), tukapanda gari mpaka Muheza, baiskeli juu. Pale nikauliza vijana, bwawa liko wapi, wakanielekeza. Tukakanyaga kama saa nzima kwenye udongo mwekundu. Bwawa tukalikuta kweli, si kubwa, upande mmoja matete, upande wa pili tuta lenye majani, mayungiyungi yamefunguka katikati. Wakuu, nilisimama pale koo limenikaba. Miaka sita!

Hatukukaa majini hata dakika ishirini. Chini kulikuwa na seng'enge ya zamani, imezama, haionekani. Ikachana mtumbwi kutoka ubavuni mpaka kwenye kitako, si wa kiraka tena. Tukatoka tunatembea, maji kiunoni, tope magotini. Na kwenye ukingo alikuwa amesimama bibi mmoja na ndoo mbili. Hakupiga kelele. Aliuliza tu: "Baba, kwenu mnaogea kwenye mtungi?"

Ndiyo yalikuwa maji yao ya kunywa. Nilimwomba radhi, akaitikia, akahamia upande wa pili wa bwawa kuchota, mbali na tulipochafua. Sijalala vizuri usiku ule.

Kwa hiyo swali langu. Kuanzia Tanga mjini, Muheza, mpaka Korogwe, kuna mabwawa au maziwa ambayo mtu na watoto anaweza kwenda kutwa, akavua kwa ndoana, akatazama ndege, ikiwezekana akaelea kidogo, bila kuharibia watu maji na bila kuliwa na kitu? Na mnajuaje bwawa lipi ni la nini? Kwetu ziwa ni kubwa, kila shughuli ina pwani yake. Hapa naona bwawa moja linabeba kila kitu. Kichocho nakijua, kwetu ndiko nyumbani kwake. Mamba wa huku siwajui.

Natanguliza shukrani.

---

Mwana wa Chumbageni:

Raskazone imekukosea nini hasa? 😂 Watu wanatoka Arusha kuja kuona bahari, wewe unaikimbia kwenda kutafuta dimbwi. Waja leo waondoka leo, lakini wewe umekuja na hutaki kuondoka wala kukaa.

---

BodaHale:

Mkuu FundiSpoku, mimi nakaa Hale. Nakuambia jambo moja tu, mengine watasema wazee: mto Pangani na kila maji yanayogusana nao, kaa mbali na ukingo. Kuna mamba. Si hadithi za kutishia watoto. Na hapa Hale kuna kituo cha umeme tangu 1964, halafu kuna kile cha New Pangani Falls kilichoanza 1995. Mitambo ikifunguliwa maji yanapanda bila kukupigia simu. Unaweza kuwa umekaa kwenye jiwe kavu unakula muhogo, ukashtukia jiwe limekuwa kisiwa.

Masika ndiyo mbaya zaidi. Mto ukifura, mamba anapita kwenye majani anahamia bwawa ambalo mwaka jana halikuwa na kitu. Watu wanasema "bwawa hili halina mamba" kwa kumbukumbu za kiangazi.

---

Mzee wa Korona:

Mwanangu Fundi, pole na mtumbwi. Ule ni wa kuchezea kwenye mabwawa ya kuogelea ya hoteli, lakini nia yako nimeielewa.

Nipo Korogwe. Kuanzia mwaka 1974 mpaka shamba lilipofungwa mwishoni mwa miaka ya 1990 nilikuwa mtu wa pampu kwenye shamba la mkonge. Nikiwa na umri wako, bwawa ndilo lililokuwa ofisi yangu. Kwa hiyo nitasema kirefu, atakayechoka aruke.

Kwanza tusahihishane lugha. Huku usiulize ziwa. Ukiuliza ziwa watakupeleka Manka kule Mkomazi, au watakutajia Jipe mpakani na Kenya, au Nyumba ya Mungu, na hizo ni safari za kulala. Huku tuna bwawa, ambalo lina tuta na mwenyewe. Tuna lambo, la mifugo. Tuna kidimbwi, kinachozaliwa masika na kufa kabla ya vuli. Na tuna tingatinga, ambalo si maji wala si nchi kavu, hilo waachie vyura. Ungemuuliza yule kijana wa Muheza "bwawa la nani?" badala ya "bwawa liko wapi?" ungepata jibu lingine kabisa.

Mabwawa niliyokulia mimi yamechimbwa kwa ajili ya korona. Kwa wageni: korona ni mashine inayoparua jani la mkonge ikabakisha singa, yaani nyuzi. Haifanyi kazi bila maji mengi, maji ndiyo yanayosukuma makapi na kusafisha singa. Kwa hiyo palipokuwa na korona palikuwa na pampu, palipokuwa na pampu palikuwa na bwawa, au mto ulio karibu. Mwaka 1964 nchi hii ilitoa mkonge zaidi ya tani 230,000. Ninaondoka kazini, taifa zima lilikuwa linahangaika na tani 20,000 na kitu. Korona nyingi zilinyamaza. Lakini bwawa halina habari kama kiwanda kimefungwa. Mvua inanyesha, linajaa. Perege wanazaa. Ndiyo maana ukipita kwenye mashamba ya zamani unakuta maji matulivu katikati ya mikonge iliyoota mlingoti, hakuna mtu, unadhani Mungu aliyaweka pale. Aliyeyaweka ni mwenye shamba na vibarua wake.

Hapo ndipo seng'enge yako ilipotoka, kwa taarifa yako. Bwawa la shamba lina historia chini: waya, nondo, magogo, bomba la kuvutia maji. Usiingize mtumbwi kabla hujaongea na mtu aliyeliona bwawa hilo limekauka. Kila bwawa limewahi kukauka mwaka fulani, na kila kijiji kina mtu anayekumbuka kilichoonekana chini.

Na kama korona bado inafanya kazi, angalia maji yake machafu yanaelekea wapi. Yale yana rangi ya kijani, yananuka kama kitu kilichochacha, na yanawasha ngozi. Bwawa linalopokea maji hayo usipoteze ndoana yako.

Sasa namna ya kulisoma bwawa. Mimi siamini kumpa mtu orodha ya majina. Nitakupa macho. Ufike alfajiri, usiguse maji, kaa juu ya tuta mpaka jua likupe joto mgongoni. Utaona kila kitu kinakuja kwa zamu yake. Akina mama watakuja kuchota: tazama wanachota wapi, ng'ambo hiyo ni haramu kwako. Ng'ombe watakuja: tazama wanavyokunywa. Ng'ombe anayeingia mpaka tumboni akasimama anacheua, huyo amelala hapo miaka. Ng'ombe wanaokunywa kwa haraka, miguu ya mbele tu majini, na mchunga anapiga fimbo kwenye maji, ujue kuna mamba, funga safari urudi. Na ukiona pale wanapochotea pamezungushiwa vijiti au miiba ndani ya maji kama kijizizi, usiulize swali lolote. Hakuna anayejenga uzio majini kwa kupamba.

Watoto wa kijiji wakija wakavua nguo na kurukia sehemu moja tu, huku bwawa zima liko wazi, na wewe jifunze sehemu hiyo moja. Halafu usimkimbie kenge. Mjini mkiona mkia unaingia majini mnapiga yowe mamba. Kenge ana kichwa chembamba na ulimi unaotoka kama wa nyoka, na anakukimbia yeye kwanza.

Samaki wapo. Wewe utawaita sato, huku ni perege. Bwana samaki mmoja aliwahi kunieleza kwamba kuna perege mmoja wa bonde hili wataalamu wamempa jina la mji wetu, *Oreochromis korogwe*, tangu 1955. Nilifurahi kama nimepandishwa cheo. Ukikaa kwenye tuta asubuhi maji yakiwa meupe, tazama kina kifupi karibu na ukingo: utaona vishimo vya mviringo kama sahani zimepangwa. Hivyo amechimba dume. Jike anataga pale halafu anayaokota mayai, anayahifadhi mdomoni mpaka watoto watoke. Ukimvua jike mdomo umejaa, mwanangu, mrudishe polepole. Ndoana ndogo, chambo nyungunyungu, au ugali uliokandwa na mafuta kidogo. Kambale subiri jioni, kwenye tope, na ujihadhari na mwiba wa ubavuni.

Mwisho, ruhusa. Pita ofisi ya kijiji, useme wewe ni nani na umekuja kufanya nini. Dakika kumi hizo zitakuokolea mengi. Uliza kuhusu leseni kama unavua. Na usiweke hema wala kuwasha moto ukingoni, sheria ya mazingira ya 2004 imekataza shughuli za kudumu, au zinazoweza kuharibu ukingo, ndani ya mita 60 kutoka kwenye maji.

Nina bwawa moja nalifahamu kama kiganja changu. Sitaliandika hapa, maana wiki ijayo watakuja watu na spika na chupa za plastiki. Nitumie ujumbe wa pembeni. Lakini utaniahidi mambo mawili: hutaingia na mtumbwi, na utamtafuta mlinzi wa tuta kwanza. Kulia kwa tuta, kama hatua thelathini, kuna bomba la chuma la inchi 6 linaingia majini. Mtoto asipigie mbizi hapo. Chini kuna chujio lake, lina meno.

---

Maabara_Muheza:

Kaka FundiSpoku, mimi nafanya kazi maabara, na sentensi yako ya "kichocho nakijua" ndiyo iliyonifanya nijisajili kwenye uzi huu.

Unachokijua wewe ni kichocho cha tumbo, ndicho kilichotawala kwenu Ziwa Victoria. Huku ukanda wa pwani ni kichocho cha kibofu. Mdudu mwingine, konokono mwingine, dalili nyingine. Kwenu mtu anaharisha damu na tumbo linavimba. Huku mtoto anakojoa damu mwishoni mwa mkojo, matone machache, anaona aibu hasemi. Zamani wavulana walidhani ndiyo kubalehe, wengine walijisifu nayo. Ukisubiri dalili za kwenu, huku utapitwa.

Namna inavyokuja ni hii. Mgonjwa anakojoa majini, mayai yanaanguliwa, vijidudu vinaingia kwa konokono wadogo wanaokaa kwenye majani ya maji yaliyotulia. Wiki kadhaa baadaye konokono anatema vijidudu vingine, na hivyo ndivyo vinavyotoboa ngozi ya mtu. Vinachukua dakika chache tu, na huhisi kitu, labda mwasho mdogo. Konokono anavitema kwa kufuata mwanga, zaidi kuanzia jua likiwa juu mpaka mchana. Mwanzoni mwa asubuhi si salama, ila ni nafuu. Maji ya mwendo wa kasi ni nafuu kuliko yaliyolala. Baharini hakipo kabisa, Mwana wa Chumbageni achukue pointi yake hapo.

Kwa hiyo hata kama hamuogelei, mguu wa mvuvi ukingoni penye majani ndio mguu unaoingiliwa. Vaa buti za mpira. Mtoto pia. Maji ya kunawia chukueni nyumbani kwenye dumu.

Kuhusu siku ile mliyotembea maji kiunoni: ulisema mwezi wa saba. Usikimbilie kumeza dawa siku hiyo hiyo kama wanavyofanya wengi. Prazikwanteli inaua minyoo iliyokomaa, wachanga wanaiponyoka. Na ukipima mapema hatuoni mayai. Zikipita wiki nane hivi, nendeni wote wawili, mkojo utolewe kati ya saa nne asubuhi na saa nane mchana, hapo ndipo mayai yanatoka kwa wingi. Mkikutwa nacho mtapewa dozi kwa uzito, mle kwanza. Msipokutwa, ni vizuri.

Na tafadhali usimtishe mtoto. Mwambie tu akiona rangi kwenye mkojo aseme siku hiyo hiyo.

---

Kwamkoro:

Kwa nini hakuna aliyemtajia Amani? Mkuu, unatoka Muheza unapanda milima ya Usambara Mashariki, unaingia hifadhi ya mazingira asilia kupitia lango la Zigi, pale palipokuwa stesheni ya reli ya Wajerumani ya kusombea magogo. Unalipia kiingilio, unapewa mwongoza wageni. Bwawa la kuogelea hulipati, lakini kuna vijito vinavyoshuka kwenye mawe, maporomoko, na vidimbwi vyenye vyura ambao wazungu wanapanda ndege kuja kuwapiga picha usiku na tochi.

Kwenye mawe yenye unyevu kando ya vijito muoneshe kijana maua madogo ya zambarau yenye majani ya manyoya. Hayo ndiyo yaliyochukuliwa Tanga mwaka 1892 na ofisa wa Kijerumani, akatuma kwao, leo yanauzwa kwenye vyungu madirishani dunia nzima. Usichume.

Baridi ipo, beba sweta. Ukienda na baiskeli, breki ziwe za kweli, ila hilo wewe fundi unalijua.

Na bwawa la Mabayani kwenye mto Zigi usilifikirie hata kidogo. Hayo ndiyo maji yanayotoka kwenye bomba lako hapo Ngamiani. Mwaka 2024 Tanga UWASA wameuza hatifungani ya kijani ya shilingi bilioni 53.12 kwa ajili ya maji ya mji huu, halafu wewe uende ukapigie kafi ndani?

---

Mwana wa Chumbageni:

Nakubali pointi yangu ya bahari kwa unyenyekevu. Dada wa maabara asante, nimemkumbuka binamu yangu aliyejisifu miaka ile. Ana miaka hamsini sasa, nitampigia.

---

FundiSpoku:

Wakuu, nimerudi. Mzee shikamoo. Ilibidi nikae kimya wiki tatu kwa sababu nilitaka kwanza niende, ndiyo niandike.

Tulikwenda Jumamosi iliyopita. Mtumbwi niliuacha nyumbani. Kusema kweli nimeukata vipande, umekuwa viraka vya baiskeli za watu, na ni viraka vizuri kuliko vya dukani. Tulilala Korogwe kwa rafiki, saa kumi na moja alfajiri tukaanza kukanyaga, tochi moja kwa baiskeli mbili. Mlinzi wa tuta tulimkuta anapiga mswaki. Nilipomtajia salamu za mzee alitema maji yote akacheka: "Yule wa pampu? Bado anasema sana?" Mzee nisamehe, nimeyaandika kama yalivyo. Ofisi ya kijiji ilikuwa imefungwa, lakini alimpigia simu mtendaji, tukazungumza, tukaruhusiwa.

Tukakaa juu ya tuta. Jamani, kukaa bila kugusa maji ni kazi ngumu kwa mtu wa Ukerewe. Mtoto ndiye aliyenifunza, alikuwa na daftari. Saa kumi na mbili na nusu walikuja yangeyange kama ishirini, wakasimama kwenye kina kifupi. Saa moja mdiria alianza kuzama na kutoka, kila akitoka ana kitu mdomoni. Akina mama walichotea kushoto, karibu na mwembe. Tukajua kushoto ni kwao. Ng'ombe walikuja saa mbili, wakaingia mpaka tumboni, dume mmoja akakojoa humo humo kwa raha zake. Mtoto akaandika: "ng'ombe hawaogopi." Kenge tulimwona, nilikuwa nimeshainuka kukimbia nikakumbuka ulimi.

Na vishimo vya sahani vipo, mzee! Tulihesabu 17 kabla kivuli cha wingu hakijatuharibia. Nimevua sato maisha yangu yote sijawahi kuviona, kwa sababu siku zote nilikuwa ndani ya mtumbwi, juu yao.

Tulivua kulia, tukiwa na buti, saa mbili na nusu mpaka saa nne na robo. Perege wanne, mmoja nilimrudisha, mdomo ulikuwa umejaa vijisamaki kama punje za mtama vyenye macho. Mtoto alibaki ameduwaa, akaniuliza mama yao alikuwa anakula saa ngapi. Sikuwa na jibu. Saa nne na robo, jua limeshapanda, nikamkumbuka dada wa maabara, tukakunja mishipi. Mtoto aliteleza mara moja, tope likamwingia ndani ya buti moja. Tukalimwagia maji ya dumu. Dada, hilo nalo nilihesabu? Wiki nane za safari ile ya kwanza zinatimia mwezi huu, nitamleta kupima kwenu, sasa sijui nianze kuhesabu upya kwa mguu huo mmoja.

Samaki tuliwachomea kwa mlinzi, mbali na maji, akatoa chumvi na ndimu. Sato wa kwetu ni mnene zaidi, hilo siwezi kudanganya. Lakini yule alikuwa na ladha ya asubuhi ile.

---

Maabara_Muheza:

Kaka, tope ndani ya buti linahesabika. Mleteni mwezi huu kwa ile safari ya kwanza, na mrudi tena baada ya wiki nane kwa hiyo ya pili. Mkojo hauna gharama kwako, unao tu. Na aje na daftari, nataka kuliona.

---

Mzee wa Korona:

Marahaba mwanangu. Huyo mlinzi mwambie yeye ndiye aliyekuwa anasinzia zamu ya usiku, mimi nasema sana kwa sababu nilikuwa macho.

Hukunieleza habari za bomba. Lipo?

---

FundiSpoku:

Lipo mzee, hatua thelathini na mbili kwa miguu yangu. Mlinzi anasema sehemu ya juu wakata vyuma chakavu walikuja kuichukua akawafukuza. Mtoto alikaa juu yake akivua, hakupiga mbizi.

---

Mzee wa Korona:

Bomba hilo nililipaka rangi mwenyewe mwaka 1981, makoti mawili, meneja alikuwa anakuja na wageni. Kuna rangi yoyote imebaki?

---

FundiSpoku:

Juu ni kutu tupu. Lakini upande wa chini, unaotazama maji, mtoto aliinama akaona. Kijani.